UZI: Carina Ti (5A-FE) inapoteza maji ya rejeta na chini hakuna tone. Nianzie wapi? (Tabora)

Isevya_Ti
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Carina Ti, injini 5A-FE, gia otomatiki. Kila baada ya siku mbili naongeza karibu nusu lita kwenye rejeta, na asubuhi chini ya gari ni pakavu kabisa. Mjini mshale wa joto unakaa katikati. Nikibeba mzigo kuelekea Sikonge unapanda, ukikaribia H napunguza mwendo, unashuka. Themostati (valvu inayofungua njia ya maji ya rejeta injini ikipata moto) ilishatolewa na fundi ili maji "yapite vizuri". Ndani ni maji ya kisima tu.

Nimeshauriwa mambo matatu na watu watatu: ninunue rejeta, nibadilishe wota pampu, nifungue silinda hedi. Bajeti inatosha kitu kimoja. Nianze na kipi?

SpanaKumi
Usinunue chochote kwanza. Mfumo wa maji umefungwa. Nusu lita ikipungua, ujue imepita mahali, na njia zenyewe ni chache: imetoka nje ya injini, imeingia kwenye kapeti kupitia hita, imeingia kwenye oili ya injini au ya gia, au imeingia kwenye silinda na kutokea ekzosi. Kazi ni kuzifunga njia hizo moja moja mpaka ibaki moja.

Chini kuwa pakavu hakukuambii kitu. Uvujaji mwingi wa gari la umri huo unatokea wakati mfumo una presha, yaani injini ikiwa ya moto. Tone likianguka juu ya bloku au bomba la ekzosi linakauka hapo hapo, halifiki ardhini.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta, jaza mpaka shingoni, tia alama kwenye tenki la akiba. Kisha chukua tochi utafute madoa. Wanaotumia kulanti (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta) wanaona doa la kijani au la waridi. Wewe unatumia maji ya kisima, doa lako litakuwa na ukingo mweupe kama chumvi na katikati rangi ya kutu. Angalia sehemu hizi bila kuruka: mshono wa plastiki na aluminiamu juu na chini ya rejeta, ncha zote za mipira miwili mikubwa, koki ya kumwagia maji chini ya rejeta, mipira miwili ya hita kwenye ukuta wa injini, na ile mipira myembamba inayopeleka maji kwenye throtobodi. Hiyo myembamba husahaulika, na inapasuka kwa ndani ya klipu ambako jicho halifiki. Ivute pembeni kidogo, ukiona nyufa kama za tope lililokauka, imekwisha.

Halafu wota pampu. Kwenye 5A-FE iko upande wa mikanda, kulia, upande wa dereva. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo. Hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo yasiingie kwenye bearing. Ukiona mchirizi unaoanzia kwenye hicho kitundu, pampu imejieleza yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, shika puli uitikise juu na chini. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

MamaGereji
Nakazia hapo kwa SpanaKumi: macho hayatoshi, pima presha. Gereji kadhaa zina ile pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, jaza maji, funga kifaa, piga mpaka 1.2 kg/cm², usizidishe. Subiri dakika 10. Mshale ukisimama pale pale, mfumo hauvuji ukiwa baridi. Washa injini ipate moto, zima, pima tena, kwa sababu ziko nyufa zinazofunguka kwa joto tu. Mshale ukishuka, kuna mahali panalia, zunguka na tochi ukiwa na karatasi nyeupe ya kugusisha. Mshale ukishuka na nje hakuna unyevu wowote, ndipo uanze kuwaza hedi.

Mtu asikuwekee upepo wa kompresa ya matairi kwenye rejeta. Ile inatoa presha mara kadhaa ya inayotakiwa. Rejeta yenye matenki ya plastiki yaliyozeeka itafunguka mshono, na tatizo moja yatakuwa mawili.

Na mfuniko wenyewe upimwe. Kwenye gari lako unaandikwa 0.9, yaani kg/cm². Ukiwa mzima unafunguka kati ya 0.75 na 1.05, ukifunguka chini ya 0.6 tupa. Usiweke wa 1.1 ukidhani ni bora zaidi, unaongezea presha mipira ambayo imeshachoka. Katikati ya mfuniko, kwa chini, kuna valvu ndogo ya shaba. Ivute kwa kucha: ifunguke na kurudi. Hiyo ndiyo inayoruhusu maji kurudi kutoka tenki la akiba injini inapopoa. Ikiganda, utakuta mpira wa juu umebonyea asubuhi kama umenyonywa. Na ukikuta tenki la akiba limejaa wakati rejeta imepungua, basi mfuniko au kale kampira kembamba kanavuta hewa badala ya maji.

Urambo_road
Kwa wasio na hela ya fundi sasa hivi: weka bizari vijiko viwili kwenye rejeta au ute wa yai, tundu linaziba. Pia legeza mfuniko wa rejeta kidogo, presha ikipungua na uvujaji unapungua.

SpanaKumi
Ndugu yangu, bizari haijui tundu liko wapi. Inakaa popote maji yanapokwenda polepole, na mahali pa kwanza ni mirija ya rejeta na ya hita, ambayo ni myembamba. Yai linaiva na kuwa vipande. Ukija kufungua rejeta ya namna hiyo unakuta nusu ya chini imeziba, ya juu pekee ndiyo inapitisha. Gari linaacha kuvuja na linaanza kuchemsha.

Kulegeza mfuniko ni hatari zaidi huku kwetu kuliko Dar. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji ya kawaida yasiyo na presha yanachemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukiwa na mfuniko mzima wa 0.9, yanavumilia mpaka karibu 116. Kwa kulegeza mfuniko umetupa nyuzi 20 za usalama, na injini yenye mzigo inazihitaji zote. Maji yakishachemka ndani ya hedi yanakuwa mvuke, mvuke hauondoi joto kwenye chuma, na hedi ya aluminiamu inapinda.

Jambo jingine la hatari: sensa ya geji inasoma maji. Maji yakiisha pale ilipo, inasoma hewa, na mshale unaweza KUSHUKA wakati injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla bila wewe kupunguza mwendo, zima gari pembeni hapo hapo.

Mwanga_Kgm
Niongeze kuhusu hedi gasketi (ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi), kwa sababu watu wengi huku Kigoma wanafunguliwa hedi bure. Kuna dalili za kweli na za kudhani.

Utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili pekee usikutishe. Gari la safari fupi fupi msimu wa mvua linatengeneza unyevu pale juu. Toa kijiti cha oili: kama oili ya kwenye kijiti nayo ni rangi ya chai ya maziwa, hapo kweli maji yameingia.

Dalili zenye uzito ni hizi. Washa injini baridi kabisa, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na maji yamejaa shingoni. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Viputo vinavyoendelea bila kukoma, na vinaongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda. Au funga mfuniko, washa, shika mpira wa juu: ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado ni baridi, hiyo presha haikuletwa na joto. Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda. Tatu zikiwa na rangi ya kahawia na moja ni safi nyeupe kana kwamba imeoshwa, silinda hiyo inakunywa maji. Kuna na kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, kikivuta moshi wa petroli kinageuka njano.

Usipoona hata moja ya hizo, acha hedi ilale.

Isevya_Ti
Asanteni sana. Majibu ya leo:

Presha ikiwa baridi: kutoka 1.2 ilishuka hadi 0.9 ndani ya dakika 10. Ikiwa moto ilishuka haraka zaidi. Viputo havikuendelea, plagi zote nne zina rangi moja, kijiti cha oili kisafi, kapeti kavu pande zote. Kwenye pampu kuna mchirizi wa kutu kuanzia kitundu cha chini, mrefu kama kidole, na ukingo wake mweupe. Ukigusisha karatasi inalowa. Puli inacheza kidogo. Mpira wa juu una nyufa kwenye ncha ya injini. Mfuniko ulifunguka kwenye 0.5.

MamaGereji
Basi umeshajibiwa: pampu, mfuniko, mpira wa juu (na wa chini uende pamoja nao), na themostati irudi. Rejeta na hedi hazina kesi.

Kuhusu themostati, naomba tulielewe hili vizuri maana limeharibu magari mengi. Kwenye injini hii themostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuruhusu maji ya rejeta, sehemu yake ya chini inaziba ile njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Mjini huoni, ukibeba mzigo ndipo mshale unapanda. Ndiyo dalili uliyoandika mwanzo kabisa. Toyota wenyewe wameandika kwenye vitabu vya ufundi kwamba themostati isitolewe hata kama injini inachemsha.

Ipime kabla ya kuifunga, hata ikiwa mpya. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chuma, weka kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kwenye 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Maji yetu hapa yanafika 96 kabla ya kuchemka, kwa hiyo kipimo kinawezekana. Ukifunga, ile pini ndogo inayochezacheza iwe juu ili hewa ipite, na ile ringi ya mpira inayoizunguka iwe mpya.

SpanaKumi
Kubadilisha pampu ya 5A-FE. Injini iwe baridi kabisa, waya hasi wa betri utoke. Mwaga maji kwenye koki ya rejeta, kisha fungua na bolti ya kumwagia iliyoko kwenye bloku, vinginevyo nusu ya uchafu inabaki. Pokea kwenye beseni ujue yametoka kiasi gani.

Kabla ya kulegeza mkanda wa alteneta, legeza bolti nne za puli ya pampu. Mkanda ukiwa umekaza unaishikilia puli isizunguke, ukishautoa utahangaika na bisibisi na kukata vichwa vya bolti. Kisha toa mkanda, puli, kifuniko cha juu cha taimingi, na bomba la kijiti cha oili ambalo lina oringi yake chini. Ziba tundu lake kwa kitambaa safi. Nyuma ya pampu kuna bomba la maji lililoshikwa na nati mbili, na gasketi yake ndogo. Pampu yenyewe inashikwa na bolti tatu. Ikigoma kutoka, igonge kwa nyundo ya mpira pembeni, usiingize bisibisi kati yake na bloku kama jeki. Ukikwaruza uso ule, pampu mpya nayo itavuja.

Safisha kikalio kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, si msasa wa chuma. Pampu ya injini hii inakaa kwenye oringi ndani ya mfereji wake. Paka oringi kulanti kidogo ikae, basi. Silikoni haitakiwi hapo. Inayofinywa kuingia ndani inakauka, inakatika vipande, na vipande vinakwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta. Bolti zikazwe kwa zamu, kama 14 Nm. Ni bolti ndogo kwenye chuma laini, mkono wa spana ndefu unazikata.

Mkanda wa taimingi ukiukuta umelowa maji au oili, ubadilishe hapo hapo. Mkanda wa alteneta ukirudi, ubonyeze katikati kwa dole gumba kwa nguvu: ulegee karibu milimita 10. Ukikazwa kama gitaa unaua bearing ya pampu mpya, na wengi wanasema ni pampu feki kumbe ni mkanda.

Klipu za mpira wa juu zikae nyuma ya ule mgongo ulioinuka kwenye bomba, si juu yake. Bomba likiwa na kutu, lisugue mpaka liwe laini ndipo uvalishe mpira.

Isevya_Ti
Kuhusu maji sasa. Kulanti inauzwa bei, na huku hakuna barafu. Kuna ulazima?

Mwanga_Kgm
Barafu si hoja yetu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inalinda sili ya pampu. Maji ya kisima yana madini. Kila ukiongeza nusu lita unaongeza na madini mapya, maji yanaondoka kama mvuke, madini yanabaki. Ule ukingo mweupe ulioukuta kwenye kitundu cha pampu ndiyo hayo hayo yaliyoko ndani, na yakikaa kwenye sili yanaisaga kama msasa. Sisi huku ni vibaya zaidi kwa anayechota ziwani: maji ya Tanganyika ni ya kialkali, pH karibu 9, na aluminiamu haipendi hali hiyo.

Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu na asidi ya betri huitwa "maji ya betri" madukani, na hiyo itakula rejeta. Maji ya mvua nayo yanafaa: subiri mvua ioshe bati kwanza, kinga ya baadaye, chuja kwa kitambaa.

MamaGereji
Namna ya kujaza. Kwanza suuza: maji safi, washa mpaka yapate moto, zima, acha ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Kwako uliyekaa na kutu inaweza kuwa mara nne au tano.

Mfumo wote wa injini yako unachukua kati ya lita 5 na 6 kutegemea rejeta iliyofungwa. Tuseme ni 5.6. Nusu kwa nusu maana yake kulanti nzito (isiyochanganywa na maji) lita 2.8. Hapa ndipo watu wanakosea: baada ya kusuuza, maji kadhaa yanabaki kwenye bloku na hita. Ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo kisha ukajaza, ndani unapata mchanganyiko mwepesi. Mimina kwanza hizo lita 2.8 nzito zote, halafu malizia kwa maji safi mpaka ijae. Kama chupa imeandikwa imeshachanganywa tayari, mwaga na kwenye bloku na usiongeze maji. Nyekundu na kijani usichanganye. Ile nyekundu ya Toyota ya zamani hubadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000.

Kutoa hewa: egesha pua ya gari ikiwa juu, hata kwenye kimlima kidogo, breki ya mkono na jiwe nyuma ya tairi. Kitasa cha hita kwenye moto wa mwisho. Mfuniko wazi, washa, na ukande mpira wa juu kwa mkono kama unakamua. Viputo vitatoka, ongeza. Themostati ikifunguka kiwango kinashuka ghafla, ongeza tena. Peleka injini kwenye mzunguko wa 2,000 kwa dakika chache, funga mfuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa ya hita ndani iwe ya moto kweli. Ikitoka vuguvugu, kuna hewa imenasa. Kesho yake asubuhi fungua ikiwa baridi, utakuta imepungua kidogo, jaza.

Feni isipowaka: kwenye Toyota nyingi za miaka ile, chomoa soketi ya swichi ya joto ya rejeta, swichi ya gari ikiwa ON. Feni ikiwaka, mota na fyuzi ni nzima, kasoro iko kwenye swichi.

Na ile kulanti chafu usimwage uani. Ina ladha tamu na ni sumu, mbuzi na mbwa wanailamba. Dumu lake lisirudi kubeba maji ya kunywa hata likioshwa.

Noah_SR40
Je, utaratibu ni huo huo kwa Noah ya 3S-FE?

SpanaKumi
Kupima, ndiyo. Kufungua, hapana. Kwenye 3S-FE pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo iko ndani ya kava. Pampu na mkanda wa taimingi vibadilishwe siku moja, pamoja na tensheni. Ikivuja, mchirizi unautafuta chini ya kava ya taimingi.

Isevya_Ti
Imefungwa: pampu, mfuniko 0.9, mipira miwili, themostati. Kulanti nzito lita 2.8, maji safi yameingia 1.9. Presha baridi 1.2 imesimama dakika 10, na moto imesimama. Nimekwenda Sikonge na kurudi na mzigo, mshale katikati. Asubuhi imepungua kama kikombe cha chai.

MamaGereji
Kikombe hicho ni hewa iliyokuwa imebaki. Jaza, uangalie siku tatu mfululizo. Baada ya kilomita 500 kaza tena klipu za mipira mipya, inalegea ikishapata moto mara kadhaa. Na masega ya rejeta yaoshe kwa maji ya bomba ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Barabara za vumbi zinajaza mbegu za nyasi kati ya rejeta na ile ya AC, kwa mbele huwezi kuziona.

Mwanga_Kgm
Kitu kimoja kimebaki kwa sababu gari ni otomatiki. Oili ya gia inapozwa na bomba lililopita ndani ya tenki la chini la rejeta. Kutu iliyokula upande wa maji inaweza kulitoboa. Toa kijiti cha gia sasa hivi, pakaza kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu angavu, sawa. Ikiwa ya waridi kama maziwa ya stroberi, gari lisiwashwe tena mpaka rejeta ibadilishwe na gia imwagwe yote, maana maji yanaachanisha gundi ya klachi za ndani.

Isevya_Ti
Nyekundu angavu. Nimepakaza mara mbili.